Kiti cha miguu mitatu cha Yusuf wa Balasagun

Kila nikisikia watu wanalalamikia kesi isiyokwisha, nakumbuka kiti cha fedha chenye miguu mitatu. Kimo ndani ya Kutadgu Bilig, utungo wa Yusuf, mshairi na mwanazuoni wa Kituruki, mzaliwa wa Balasagun, katika nchi ambayo leo ni Kirgizstani. Aliumaliza mwaka 462 Hijria, yaani 1069 au 1070.

Mfalme wa utungo huo anaitwa Kün-Togdı, maana yake Jua Limechomoza. Siku moja anamwita waziri wake. Waziri anamkuta kwenye kiti hicho, amekunja ndita, mkononi kisu kikubwa, kulia sukari, kushoto sumu. Anaingiwa na hofu. Mfalme anamfafanulia mwenyewe. Chenye miguu mitatu hakiyumbi, jambo ambalo sisi tuliopikia kwenye mafiga hatuhitaji kuelezwa. Kisu ni cha kukata shauri bila kumzungusha mdai. Sukari ni ya aliyeonewa, apate haki yake aondoke na utamu mdomoni. Sumu ni ya mwonevu, na zile ndita ni zake pia. Awe mwanangu, awe jamaa, awe mpita njia, asema mfalme, mbele ya hukumu kwangu ni mamoja.

Wengi humsifu Yusuf kwa lugha. Zama hizo elimu ilikuwa ya Kiarabu na ushairi wa mabarazani ulikuwa wa Kiajemi, naye akatunga beti zaidi ya 6,600 kwa Kituruki, tena kwa bahari ileile, yaani mizani ya beti, ya Shahnameh, utenzi wa wafalme wa Kiajemi wa mshairi Firdausi. Anastahili sifa hiyo. Lakini mimi naona ushujaa wake uko kwenye kile kisu, kwa sababu utungo huo aliupeleka mji wa Kashgar na kumkabidhi Bughra Khan, mtawala mwenye kiti chake halisi. Alimwekea masharti ya kukikalia! Khan akampa cheo cha has hajib, msimamizi mkuu wa baraza lake.

Wanaouita utungo huu sifa za wafalme hawajamfikia Odgurmış, mcha Mungu wa mlimani. Mfalme anamwita, anakataa. Anamwita tena, anakataa tena. Mwishowe anakuja kwa ziara tu, anatoa nasaha zake, anarudi mlimani. Yusuf anamwachia aseme hadi amalize, wala hamdhihaki. Odgurmış alipokufa, alichoacha ni fimbo na bakuli.