Chai Iko? Mchekeshaji, Babake na Sitara ya Nyumba

Mchekeshaji ameketi kwenye kiti cha plastiki, tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonye, mapajani. Anamwigiza babake, mpiga taarabu wa harusini hapa Mombasa: usiku kucha anawapigia wake za watu nyimbo za mahaba, alfajiri anarudi nyumbani Kibokoni na kumwambia mkewe maneno mawili tu, "Chai iko?" Ukumbi hoi. Safu ya tatu, mamake kajifunika uso kwa mtandio, na hujui analia au anacheka.

Tangu usiku huo mabaraza yamegawanyika. Wazee wanasema kijana kaivua nguo nyumba yao, tena baba mwenyewe ni marehemu, hawezi kujibu. Vijana wanajibu kwamba mficha uchi hazai.

Hoja ya sitara ni nzito, ila wanaoishika wanajisahaulisha jambo. Ni nani hapa asiyewahi kumwona mwanamke akiinuka na noti kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu, akapita polepole mbele ya mke mwenzake, beti ikimchoma? Ukumbi mzima unajua. Akiulizwa: "Mie nimeupenda wimbo tu." Mambo ya ndani tumeyatoa hadharani miaka yote, ila kwa fumbo. Mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo aliimba mashairi ya mshairi Ahmad Nassir, jamaa yake, na msikilizaji akaachiwa ajazie jina mwenyewe.

Mchekeshaji hana mlango huo wa kutokea. Akisema "palikuwa na bwana mmoja", utamu umekwisha. Kazi yake inasimama juu ya "babangu".

Halafu kuna utani. Mjukuu na bibi wana ruhusa ya kale; bibi huitwa mke, naye hujibu kwa matusi matamu. Ndiyo maana kipande cha bibi anayeitikia salamu za redio kilipita bila mtu kukohoa. Kwa baba hakuna utani, kuna haya. Hapo watu walicheka huku wakitazamana.

Mimi namtetea, kwa sababu ya dakika mbili za mwisho. Aliacha mzaha, akapiga wimbo ambao babake hakumfundisha. Aliuiba akisikiliza nyuma ya mlango. Alikosea mara mbili, akarudia. Ukimsikia hapo unaelewa kwamba ile "Chai iko?" ni malalamiko ya mtoto aliyekuwa akimsikia babake kwa mbali tu, kwenye harusi za wengine. Deni la dhihaka likalipwa papo hapo.

Lakini simtetei kwa bangili. Kisa cha mama kuweka rehani bangili zake ili akodiani ya bwana itengenezwe kilikuwa siri ya mama, na mama yu hai. Hiyo hakuwa na haki nayo, hata kama ilichekesha (na ilichekesha kweli).

Tena kuna simu. Waliokuwapo waliupata mzaha pamoja na wimbo. Kipande kinachozunguka WhatsApp kinakatika kwenye kicheko, kwa hivyo kwa maelfu ya watu yule mzee amebaki bwege wa chai. Wazee wengi wanaolaani wamekiona hicho tu.

Juzi asubuhi nilikuwa nikingoja mahamri na mbaazi mama huyo alipopita. Kijana wa mkokoteni akamrushia, "Mama, chai iko?" Hakugeuka.

"Iko. Njoo na kikombe chako."