Mti wa Sebuleni na Kopo la Mama Mkwe

Hapa kwetu Ngamiani maji ya bomba yakikatika, kila nyumba inaanza kugawa ndoo: ya kupikia, ya kuogea, ya chooni. Kwangu ipo nyingine pembeni imefunikwa kwa kawa, na ole wako uiguse. Hiyo ni ya mti. Na si mpapai wala mlimao, useme kesho nitachuma. Ni mti uliokaa sebuleni kwenye chungu, karibu na dirisha, na bei yake kule kitaluni sijaambiwa mpaka leo. Nikiuliza naambiwa, "Baba Zuhura, kula ugali wako unapoa."

Kitaalamu unaitwa Ficus lyrata, ukoo mmoja na mkuyu wetu. Jani lake lina umbo la fidla, na likinenepa linafika hata sentimita 45. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone mpaka Kameruni. Huko unakwenda juu mita 12 na zaidi, na mara nyingi unaanzia maisha juu ya mti wa mwenzio, ukishaota vizuri ndiyo unateremsha mizizi chini. Yaani tangu kwao umezoea kubebwa. Lakini huko hakuna anayeufuata na kopo! Umefika Tanga, joto lile lile, unyevu ule ule wa bahari, ndiyo umeanza kudeka.

Masharti yake sasa. Huumwagilii kwa sababu leo ni Jumatano. Unachomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, kama sentimita 5 hivi. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, rudi ukakae, hakuna maji. Kikitoka kikavu, unamimina taratibu kuzunguka chungu chote, hadi maji yatokee kwenye matundu ya chini. Siyo unanyunyizia juu juu kama unazimua vumbi la uani, mizizi ya chini ikabaki haina habari. Halafu unasubiri kidogo, unainua chungu, unamwaga yaliyotuama kwenye sahani, maana mizizi ikilowa muda wote inakosa hewa, inaoza. Nani anainua? Mimi, mwenye mgongo huu. Na mke wangu akimaliza kupima anakuja kunipakulia wali, kucha ya shahada ina mstari mweusi. Nikiangalia kile kidole, naambiwa nina gubu.

Kinachoniudhi zaidi ni hizi dalili zake. Ukiwa na kiu, majani yanalegea. Ukizidishiwa maji, majani yanalegea. Mtoto mchanga ana nafuu, kilio chake mama anakijua. Huu inabidi uvae miwani: ncha na kingo zikikauka zikawa kama karatasi, basi una kiu. Ukiona madoa ya kahawia iliyokolea yanatambaa kwenye jani, na majani ya chini yanageuka njano na kupukutika, huko chini mizizi imeshaharibika. Na hapo watu wengi ndiyo wanaongeza maji, eti unanyauka, maskini.

Tena hali ya hewa nayo ina neno lake. Kaskazi ikishika, jua la Februari dirishani na pangaboi linazunguka kutwa, udongo unakauka upesi. Masika ikiingia, nguo zenyewe kambani hazikauki, sembuse chungu kilichofungiwa ndani. Kwa hiyo jirani anayesema yeye wake anaupa jagi moja kila wiki, mwaka mzima, mwacheni. Nimeuona wake. Umebaki fimbo.

Na hapa ndipo anapoingia mama mkwe. Mama huyu mcha Mungu, kaja kutusalimia toka Pangani, na kwake kukipitia kiumbe bila kukipa maji ni dhambi. Akinywa chai, masalio ya bilauri ya maji yanakwenda kwenye chungu. Akiosha mchele, yale maji meupe kwenye chungu. Mke wangu alipima asubuhi, kidole kikatoka na tope, akaniangalia mimi! Sasa nieleze vipi? Mkwe humkemei. Mkwe hata kumtazama usoni sana ni utovu wa adabu, itakuwa kumwambia, "Mama, unauua mti"? Nikajaribu kwa mbali: "Mama, wataalamu wanasema huu ukiushibisha unaumwa." Akanijibu kwa upole, "Ndiyo maana na wewe umekonda, baba. Ni hao hao wataalamu."

Na cha kuchekesha, mkoa huu huu ndio uliowapa Wazungu ua lao la dirishani. Ofisa mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku kwetu Usambara, akalipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo bibi wa Ulaya anamwagilia ua la Tanga, na mimi wa Tanga nambeba wa Kameruni. Mizigo imepishana bandarini.

Basi juzi mke wangu kaenda harusini Muheza. Ameniachia karatasi mezani. Mti umeandikiwa upande wa mbele wote: usiuhamishe, ukihamishwa unapukutisha majani, ufute vumbi kwa kitambaa kibichi, pima kwanza. Nyuma, kwenye kona, ndiyo nipo mimi: "Mihogo ipo."

Nikainama pale dirishani, kidole kimezama kwenye udongo. Nyuma yangu nasikia kandambili, na maji yanachezacheza kwenye kopo.

"Baba Zuhura, umeangusha nini humo?"

"Hapana, mama. Napima tu."

"Haya, toa mkono basi nisije nikakulowesha."

Nikatoa.