Dakika 38 za Zanzibar na thamani ya kujua

Katika fainali ya chemsha bongo ya shule za sekondari ambayo nilialikwa kuwa miongoni mwa waamuzi, swali la historia lilikuwa hili: vita vya Waingereza na Zanzibar vya mwaka 1896 vilidumu kwa dakika ngapi? Msichana wa kidato cha tatu aliwahi kubonyeza kengele, akajibu kwamba vilidumu kwa dakika 45. Kadi iliyokuwa mezani petu ilisema 38. Akanyimwa alama, swali likahamia upande wa pili, kijana mmoja akasema 38 na ukumbi mzima ukashangilia. Mwalimu aliyeketi kando yangu aliinama akaninong'oneza kwamba jibu hilo liko kwenye simu ya kila mtu, hupatikana kwa sekunde tano, na kwamba tunawafundisha watoto kushindana na mashine katika kazi ambayo mashine imekwisha kuishinda.

Kauli ile si ya mwalimu yule peke yake. Ndiyo hoja inayotawala mijadala ya elimu katika nchi zetu. Tanzania ilipoandika upya mtaala wa sekondari mwaka 2005 ili uzingatie ujuzi, na Kenya ilipoanza mwaka 2017 kuuacha mfumo wa 8-4-4 na kuingia katika mtaala wa umilisi, lawama iliyotupiwa mifumo iliyotangulia ilikuwa ileile: kukariri. Mtoto alimezeshwa majina, miaka na takwimu, akazitapika kwenye karatasi ya mtihani, na matokeo yalipotoka hakuwa nazo tena. Siku hizi mtu akitaka kuidharau elimu ya mwenzake humwambia kwamba alikariri tu.

Wenye hoja hiyo hawakosi ushahidi. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alilalamika kwamba shule zilimfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye maana hupatikana vitabuni au kwa wasomi, huku ujuzi wa wazee wake ukionekana si kitu. Paulo Freire wa Brazil aliifananisha elimu ya namna hiyo na kuweka fedha benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anapokea na kutunza, na hakuna anayefikiri. Tena yapo maswali ya maarifa ya jumla ambayo ni mabovu tangu mzizi. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimejibu kwamba Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, kana kwamba Wachaga waliokuwa wakilima migomba kwenye miteremko yake hawakuwa wameuona. Mtoto aliyepata alama kwa jibu hilo alifundishwa uongo kwa njia ya ukweli, na hapo nawaunga mkono wakosoaji bila masharti.

Kuhusu simu, wana pia utafiti wa Betsy Sparrow na wenzake uliotoka mwaka 2011. Watu walioamini kwamba maelezo waliyoyachapa yangehifadhiwa kwenye kompyuta waliyakumbuka kwa uchache kuliko walioamini kwamba yangefutwa. Sehemu moja ya utafiti ule ilirudiwa baadaye na watafiti wengine, nayo haikutoa matokeo yaleyale. Lakini kiini chake hakimshangazi yeyote mwenye simu. Wapo wanaosema kwamba hiyo si hasara hata kidogo, kwa kuwa binadamu tangu zamani amegawana kumbukumbu na mwenzi wake, na daftari lake, na maktaba ya mjini kwake, na kwamba kichwa kilichopunguziwa mzigo hubaki na nafasi ya kufikiri.

Ni hapo kwenye neno mzigo ninapoachana nao. Wanaoyadharau maarifa ya jumla huyachukulia kama magunia yaliyopangwa ghalani, na fikra kama mtu anayeingia ghalani kuchukua gunia analolihitaji. Kwa picha hiyo ni kweli kwamba ghala kubwa lililoko nje linatosha. Lakini akili haifanyi kazi hivyo. Tunayoyajua ndiyo tunayofikiria kwayo, na asiye nayo hawezi hata kuutambua mlango wa ghala.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwachukua wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane, wakawagawa makundi manne kwa vigezo viwili: uwezo wao wa kusoma, na ujuzi wao wa mchezo wa besiboli. Wote walisoma habari moja inayosimulia sehemu ya mechi. Kisha waliombwa kuiigiza habari ile kwa kusogeza vinyago vya mbao juu ya uwanja mdogo wa mfano, huku wakieleza kilichotokea. Waliosoma vizuri lakini hawaujui mchezo walishindwa na waliosoma kwa shida lakini wanaujua. Nimeurudia utafiti huu mara nyingi, na kila mara hunigusa kwa sababu ileile. Watoto waliokuwa wamehesabiwa dhaifu katika kusoma, ambao bila shaka walikuwa wameambiwa hivyo kwa miaka, walielewa kuliko wenzao waliosifiwa. Kilichowainua hakikuwa mbinu yoyote ya kusoma, bali yale mambo ya besiboli ambayo mtu mwingine angeyaita ya kupoteza muda.

Anayetaka kulijaribu hilo nyumbani kwake asome sentensi hii: “Mshambuliaji aliupokea mpira akiwa peke yake, akamchungulia kipa na kufunga kwa ustadi, lakini mwamuzi msaidizi alikuwa ameshainua kibendera.” Hakuna popote paliposemwa kwamba bao lilikataliwa. Hakuna palipotajwa kuotea, wala mabeki waliopanda kwa pamoja, wala pasi iliyochelewa. Mpenzi wa soka ameyasoma yote hayo bila kujua kwamba ameyaongeza yeye mwenyewe. Asiyelijua soka amesoma maneno yaleyale akaondoka akiamini kwamba timu imepata bao. Mpe simu, naye hataitumia, kwa sababu haoni kwamba kuna jambo lililompita; na hata akitafuta neno kibendera ataonyeshwa kitambaa kidogo kwenye kijiti. Kila taarifa ya habari, kila kipande cha hotuba ya bajeti, kila shairi limeandikwa hivyo, kwa kumwachia msomaji ajazie mapengo kwa anayoyajua.

Turudi basi kwenye zile dakika 38, ambazo mwalimu mwenzangu aliziona kuwa namba tupu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza. Alipewa makataa: kufikia saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera na kuondoka. Hakuondoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari zilizotia nanga mbele ya mji ilianza kulipiga kasri, ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa ya mbao. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa palepale bandarini. Kabla ya saa nne, upande wa Zanzibar ulikuwa na watu wapatao 500 waliouawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Nimeifanya hesabu hiyo mwenyewe zaidi ya mara moja. Watu 500 kwa dakika 38 ni watu 13 kila dakika. Anayeliona tukio hili kwenye orodha za maajabu, ambako huwekwa kama jambo la kuchekesha, hajaigawa namba ile. Na huwezi kuigawa usipokuwa na zote mbili kichwani kwa wakati mmoja. Simu ingekupa 38 ukiuliza muda, na ingekupa 500 ukiuliza waliodhurika. Lakini wazo la kuziweka bega kwa bega, ndipo zionekane dakika zile zilikuwa za namna gani ndani ya kasri lile, hutoka kwa mtu anayezijua.

Tena namba haikai peke yake. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na anayekumbuka kwamba Wajerumani ndio walioishika Tanganyika wakati ule hahitaji kuelezwa kwa nini walimpokea. Tarehe 2 Oktoba, maji ya bamvua yalipopanda hadi bustani ya ubalozi, mashua ya Kijerumani ilisogea ikamchukua moja kwa moja, ili asikanyage ardhi ya Zanzibar na kukamatwa, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, vita vikuu vilipofika pwani hii, wakampeleka uhamishoni. Alifia Mombasa mwaka 1927. Sultani waliyemweka badala yake, Hamoud bin Mohammed, alitia saini amri ya kufuta utumwa kisheria Aprili 1897, hata miezi minane haijatimia baada ya mizinga. Mwanafunzi mwenye miaka hii kichwani ana kamba ya kufungia kila atakachosoma baadaye kuhusu pwani yetu. Asiye nayo atasoma kila kitabu kama mgeni.

Wakosoaji hupenda kunijibu kwa kumtaja Erasto Mpemba, na jibu lao ni zito. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Mpemba aliwahi nafasi kwenye friji akaweka maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipoendelea kuuliza katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Ilibidi aje Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aulizwe swali lile mbele ya darasa lililomcheka muulizaji, akalijaribu katika maabara badala ya kulikataa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Tazama, husema wakosoaji: waliokariri walicheka, na mtoto mwenye macho aliona.

Nami nasema tukio hilo lichunguzwe tena. Mwalimu aliyecheka alikuwa na kanuni moja ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, akaishika kana kwamba ndiyo fizikia yote. Kwamba maji yaliyopashwa moto huganda haraka zaidi lilikwisha kuandikwa na Aristotle, na Francis Bacon, na Descartes. Angekuwa amelisoma hilo mahali popote, hata kwenye ukurasa wa maarifa ya jumla wa gazeti, asingemwambia kijana kwamba amechanganyikiwa. Angemwambia kwamba yuko pamoja na watu wakubwa waliolishangaa jambo hilohilo. Hadi leo wanasayansi hawajaafikiana. Upo utafiti wa mwaka 2016 uliosema kwamba athari hiyo haionekani vipimo vikifanywa kwa uangalifu. Kwa hiyo sioni kwamba kilichomwumiza Mpemba ni wingi wa maarifa ya mwalimu wake. Naona kwamba ni uchache wake, ukiwa umevaa sauti ya mamlaka.

Hata hivyo siwezi kuzitetea kadi zetu zote. Kitendawili, ambacho ndicho chemsha bongo ya kale zaidi tuliyo nayo, hakimwulizi mtu jina tupu. Anayesema “nyumba yangu haina mlango” anamtaka msikilizaji alijue yai na pia aone linavyofanana na nyumba. Akishindwa, atatoa mji. Maswali mengi ya mashindano yetu yameacha nusu hiyo ya pili. Tunauliza ni nani aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, na watoto hujibu Filbert Bayi, dakika 3 na sekunde 32.16. Tungeuliza ilikuwaje John Walker, aliyemaliza wa pili siku hiyo, naye akaivunja rekodi ya zamani, mtoto angelazimika kuiona mbio yenyewe, Bayi akitangulia tangu mwanzo na kuwavuta wote nyuma yake. Tunauliza ni nani aliyerekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili mwaka 1928. Tungeuliza kwa nini Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay kufanya hivyo, jibu lingekuwa na meli ndani yake, na biashara, na Bahari ya Hindi nzima. Lakini hakuna anayeweza kulijibu swali la pili bila kuwa na jibu la kwanza, na hilo ndilo husahauliwa na wanaotaka kuanza na fikra kabla ya kitu cha kufikiria.

Baada ya mashindano nilimtafuta yule msichana, nikamwuliza 45 aliitoa wapi. Aliniambia kwamba alisoma kuwa makataa yaliisha saa tatu kamili na kwamba mizinga ilinyamaza saa nne kasorobo, akatoa. Vyanzo kweli hutofautiana, kutoka dakika 38 hadi 45, kutegemea saa ya kwanza na ya mwisho inayohesabiwa. 38 ndiyo iliyoenea kwa kuwa ndiyo inayonakiliwa. Niliwaandikia waandaaji, nikawaomba kadi ikubali majibu yote yaliyo kati ya hizo namba mbili, na chini yake liongezwe swali la kufuatia: kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Kadi imerekebishwa. Alama yake haikurudishwa.