Mnada haufungwi kwa kutazama saa

Mama mmoja mfugaji nyuki wa Sikonge ameniambia bei aliyouzia asali yake mtandaoni, nikaumia. Hata mchuuzi wa stendi hapa Tabora asingethubutu kumtajia usoni. Madumu yake yaliwekwa kwenye tovuti ya mnada iliyotengenezwa na vijana wa mjini, ikapangwa ifungwe saa nne kamili usiku. Mchana kutwa dau halikusogea. Sekunde za mwisho mnunuzi mmoja akaongeza kidogo tu, saa ikafika, kwisha. Mwingine aliyekuwa tayari kulipa zaidi akabaki anaitazama simu. Mama akaambiwa soko ndivyo lilivyoamua. Nakataa! Kilichoamua ni kanuni mbovu ya kufunga.

Aliyewahi kusimama mnadani, uwe wa ng'ombe au wa mitumba, anajua dalali anavyofanya. Anaita mara ya kwanza, mara ya pili, anazungusha macho, na mkono ukiinuka kabla ya mara ya tatu, hesabu inaanza upya. Mwenye mali analindwa hapo: mnada hauishi mpaka awe hayupo tena wa kuongeza. Ukitangaza saa ya kufunga, unawafundisha wanunuzi kunyamaza. Nani atapandisha dau mchana amwamshe mshindani wake, wakati anaweza kuvizia mwishoni?

Hili limeshachunguzwa. eBay, tovuti ya minada ya Marekani aliyoianzisha Pierre Omidyar mwaka 1995, ilifunga minada yake kwa saa iliyotangazwa. Amazon nayo enzi hizo ilikuwa na minada, ila yake haikufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya. Mwaka 2002 wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha ulinganisho wa minada ya kompyuta na vitu vya kale kwenye tovuti hizo mbili. Kuvizia dakika za mwisho kulikuwa kwingi zaidi eBay.

Mtanijibu kwamba eBay humruhusu mnunuzi aweke kiwango chake cha juu, mfumo umpandishie kidogo kidogo mpaka hapo. Haya, inasaidia, kwa anayeuamini mfumo. Mfanyabiashara wa asali hataji kiwango chake cha mwisho mbele ya mtu yeyote, na sioni kwa nini aanze kukitaja kwa tovuti aliyoijua jana. Tena kuna mtandao. Aliyeko Dar es Salaam na aliyeko kijijini Urambo, ambako intaneti inakuja na kuondoka, sekunde zao si sawa hata kidogo.

Kinachonikasirisha ni kwamba kazi yenyewe si ngumu. Dau likiingia, seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, isome muda wa kufunga na dau kubwa lililopo, ilinganishe, iandike dau jipya, na kama zimebaki chini ya dakika 10, isogeze muda mbele. Yote yafanyike kwa mpigo mmoja, rekodi ya mnada huo ikiwa imefungiwa kwenye hifadhidata isiguswe na dau jingine; la sivyo madau mawili yakifika pamoja, yote yataambiwa yameshinda. Saa iwe ya seva, maana ya simu kila mtu anaweza kuibadilisha. Nakubali, shingo upande, kwamba mnada wa hivi unaweza kuchelewa kwisha. Basi uanze jioni mapema, na dau lisipande kwa shilingi mia mia.

Mengine ni mafupi. Muuzaji awe na bei yake ya chini na mfumo uiheshimu. Mzigo usitoke kabla pesa haijaingia. Mwenye kitochi apewe njia ya kupandisha dau kwa meseji.

Wapo wanaosema tusijisumbue kujenga ya kwetu. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, linauza ufuta, mbaazi na korosho kwa mnada wa kielektroniki, na nafurahi. Lakini ile ni mizigo ya maghalani, ya tani na tani. Mwenye madumu machache ya asali ya miombo anabaki na mchuuzi anayempangia bei mlangoni kwake.

Kwa hiyo jengeni, wadogo zangu. Nitakuja kuijaribu pamoja nanyi usiku mtakaotaka, simu mbili mkononi, moja nikiizima makusudi wakati dau linapanda, tuone mwenye simu hiyo mfumo wenu utamfanyia nini.