Malaika wa Blythburgh na mabenchi yetu ya mninga

Mwaka wa sita huu niko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani, na kinachonikumbusha nyumbani siku hizi sio ugali wala dagaa, ni makanisa yao ya zamani. Unakuta kijiji kidogo hata duka hakina, halafu kina kanisa lililokuwepo kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi, na liko wazi, unasukuma mlango unaingia, hakuna mlinzi wa kukuuliza unamtafuta nani.

Bibi mmoja ninayemhudumia aliniomba nimpeleke Blythburgh. Kanisa lenyewe lilijengwa upya karne ya 15, limekaa juu ya kinamasi cha mto Blyth na unaliona toka mbali barabarani. Suffolk mawe mazuri ya kujengea hamna, kwahiyo kuta ni za gumegume, mawe ya kuokota mashambani, wakayapasua na kuyapanga mpaka yakawa nakshi, nikawaza mafundi wetu wa pwani na matumbawe yao na chokaa, ni akili ileile. Ndani sasa! Madirisha 18 kila upande juu kule, mwanga unamwagika tu, na kwenye paa la mbao malaika wa kuchonga wametandaza mabawa, rangi imepauka lakini ipo. Mabenchi nayo yamechongwa dhambi za watu pembeni, mvivu yuko kitandani, mlafi na kitambi chake, bahili kakalia sanduku la hela. Huyo bahili nilimcheka sana, kuna mweka hazina mmoja namjua kafanana naye, simtaji.

Mlango wa kaskazini una alama nyeusi za kuungua. Tarehe 4 Agosti 1577 ilipiga radi katikati ya ibada, ncha ya mnara ikaangukia ndani, wakafa mtu mzima na mtoto, na watu wakasema alikuwa mbwa mweusi wa shetani na zile ni kucha zake. Amini usiamini, lakini mlango upo. Kwetu fundi angeitwa Jumatatu asubuhi na randa yake.

Ila msidhani nawasifia tu, maana hawa hawa ndio waliovunja. Karne ya 16 walipoachana na Kanisa la Roma waling'oa sanamu na kupaka chokaa juu ya michoro, halafu mwaka 1644 akapita William Dowsing, jamaa aliyepewa kazi rasmi ya kuzunguka kufuta picha makanisani, na Blythburgh aliamuru malaika washushwe. Malaika wako juu mno, nadhani huo urefu ndio uliowaponya.

Kilichonimaliza ni kanisa la Wenhaston, kijiji cha hapo jirani. Kule kulikuwa na picha ya Hukumu ya Mwisho imechorwa kwenye mbao, ikapakwa chokaa, na juu yake wakaandika aya za Warumi 13 za kutii wenye mamlaka (hebu fikiria). Ikasahaulika zaidi ya miaka 300. Mwaka 1892 wakati wa ukarabati zile mbao zikaonekana takataka, zikatupwa nje makaburini, usiku mvua ikanyesha, chokaa ikaoshwa, asubuhi Mikaeli yule pale na mizani yake, shetani yuko pembeni, na mfalme na askofu wako uchi kabisa mbele ya Petro, mmoja kabaki na taji kichwani na mwenzie na kofia yake. Katikati kuna vivuli vitupu vya msalaba, Maria na Yohana, pale zilipokuwa zimebandikwa sanamu zilizong'olewa. Nilisimama pale mpaka bibi akanivuta mkono.

Sasa nyumbani. Kanisa letu la mtaa (sitaki kulitaja) wazee walilijenga kwa mawe, mlango wa kuchonga, mabenchi ya mninga. Mwaka juzi tukachangishwa, na mimi nilituma, nikadhani ni paa. Zikaletwa picha: jipsamu yenye taa za rangi, madirisha ya alminiamu, marumaru inayoteleza, viti vya plastiki. Watu walifurahi na sio wajinga, jengo lilivuja na popo walikuwa wengi, najua. Lakini kukarabati na kufuta ni vitu viwili, na sisi kila kamati mpya ikiingia inataka ionekane yenyewe ndiyo imejenga.

Nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, vipi yale mabenchi? Yako nyuma ya nyumba ya padri, mengine kuku wanalalia. Na mlango? Umeegemezwa hapohapo, umepakwa rangi ya mafuta ya bluu mara tatu mpaka nakshi hazionekani.

Nikamtumia hela ya turubai. Akanipigia jioni kuuliza kama ni ya kuanikia mahindi, nikamwambia hapana baba, funika ule mlango kabla masika haijaanza, na kuku wahamishwe.

Akacheka sana. Ila turubai kanunua.