Baba Mkwe na Bahari ya Namibia

Jumatatu ilikuwa zamu yangu kuwaeleza Kidato cha Nne kwa nini pwani ya Namibia ina maji baridi, samaki tele, na jangwa papo hapo. Upepo wa kusini unavuma kufuata pwani, mzunguko wa dunia unayageuza maji ya juu kuelekea baharini, ya chini yenye baridi na rutuba yanapanda kushika nafasi. Mengine hujipenyeza mbali kama ndimi, hata kilomita mia kadhaa. Sasa mtoto wa Uyole, huku kwetu Mbeya kwenye baridi, aliyeiona bahari kwenye kalenda, utamwelezaje? Nikaamua kujaribu nyumbani, kwenye karai.

Chini niliweka maji ya bomba, chumvi, na rangi ya keki ya bluu. Barafu ya nini, Julai, Uyole? Juu nikamimina maji ya moto taratibu kupitia kisahani, yakakaa juu ya yale bila kuchanganyika. Ukabaki upepo. Feni Uyole hana mtu, kwa hiyo nikakimbilia kwa jirani kuazima draya ya nywele. (Dunia haizunguki ndani ya karai, najua, lakini afadhali hilo.)

Narudi, nachungulia kwenye pazia la jikoni: baba mkwe, aliyefika jana toka Tukuyu, yuko kwenye kochi, suruali kaikunja hadi magotini.

"Ndaga, mkamwana," aliuambia ukuta, yaani asante. "Umeniwekea na dawa."

Mzee anashika mila ya Kinyakyusa barabara: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani. Nikamsukuma mwanangu. "Kimbia, mwambie babu asiingize miguu!"

Ikawa imeshaingia. Mzee akafumba macho kwa raha. Kisha nyayo zikagusa chini.

"Mamaaa!"

Akaichomoa kwa nguvu, na bluu ikapanda nayo, nyuzi nyembamba zikijiviringisha ndani ya maji meupe, zikarefuka hadi ukingo wa karai. Ndimi zenyewe! Nusura nipige vigelegele.

"Babu," mtoto akafika anahema, "mama anasema usiingie, hiyo ni bahari."

Kimya. Mzee alikuwa anakagua miguu yake, bluu mpaka kwenye vifundo, na kesho yake ni Jumapili.

"Muulize mama yako, hiyo bahari ina samaki?"

"Mwambie wamo wengi," nilisema nyuma ya pazia.

"Basi aongeze ya moto."