Mdiria Asiyehitaji Mto

Mtu akitajiwa mdiria, mawazo yake hukimbilia majini: ndege katua juu ya tete, macho yamekaza kwa samaki. Lakini yupo mmoja mdogo, kwa jina la kisayansi Ispidina picta, ambaye hategemei samaki wala mto. Makao yake ni misitu, vichaka na mashamba yenye miti. Huyu ndiye ninayetaka kumtetea, maana kila tukizungumzia kuhifadhi ndege hawa tunataja maziwa na mito tu, na yeye anabaki nje ya hesabu.

Ana urefu wa sentimita 12 hivi na hafiki gramu 20. Mgongo ni buluu iliyokolea, kifua na tumbo rangi ya machungwa, koo jeupe, na kwenye shavu ana baka la zambarau ambalo jua likilipiga, unabaki umeduwaa. Wengi humchanganya na yule mdiria mdogo wa majini mwenye kishungi. Tazama juu ya jicho: wa majini, buluu ya utosi inashuka mpaka jichoni, huyu wetu ana mstari wa rangi ya machungwa unaoitenga. Akiwa kinda, mdomo ni mweusi. Akikomaa unageuka mwekundu wa machungwa.

Hukaa kwenye tawi la chini, kimya, akitikisa kichwa juu na chini kana kwamba anapima umbali. Kisha anashuka ghafla chini kwenye majani makavu na kurudi na panzi. Hammezi hivi hivi. Humgonga tawini upande huu na upande ule mpaka miguu ilegee, ndipo anamgeuza kichwa mbele na kummeza. Vunjajungu, buibui, viwavi, nondo, hata mijusi na vyura wadogo, wote ni chakula chake. Shamba linalopuliziwa dawa ya wadudu kila mara humwachia nini?

Na nyumba yake je? Dume na jike huchimba tundu kwenye ukingo wa udongo, kwenye ukuta wa shimo, au kwenye kichuguu, na mwishoni mwa tundu hilo jike hutaga mayai meupe. Sasa angalia tunavyofanya. Kichuguu tunakibomoa tupate udongo wa matofali. Ukingo tunausawazisha. Kichaka tunakifyeka mpaka chini, halafu tunasema kiwanja kimekuwa kisafi. Najua watu wanahitaji nyumba, na udongo wa kichuguu ni mzuri kweli kwa tofali. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kupiga jembe, mtu azunguke akitazame kichuguu. Akiona tundu lenye ndege anayeingia na kutoka na wadudu mdomoni, asubiri makinda yatoke.

Jambo la pili ni safari zake. Wale wanaozaliana kusini mwa Afrika huja kaskazini baridi ya huko inapoanza, na baadhi yao hufika pwani yetu ya Tanzania na Kenya kuanzia Aprili hadi Septemba. Husafiri usiku. Ndege wa uzito huo anavuka nchi kadhaa gizani, halafu anakuja kujigonga kwenye kioo. Ajali hizi zinajulikana vizuri, na majengo ya vioo Dar es Salaam na Mombasa yanazidi kurefuka. Taa za usiku huwavuta ndege kwenye vioo hivyo. Ofisi isiyo na mtu usiku haina sababu ya kuwaka taa, na bili ya umeme nayo itapungua.

Ukimkuta chini ya dirisha asubuhi, amezubaa lakini anapumua, usimmiminie maji mdomoni. Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye giza na utulivu, mbali na paka na watoto. Mwache saa moja au mbili, kisha lifungue boksi nje, karibu na kichaka, kama bado hujakifyeka.